Mwalimu wa kwaya, wa nota au wa bendi: umchague nani akufundishe chombo Arusha na Moshi

Ukiulizia mtu wa kufundisha kinanda Njiro, au gitaa kule Pasua, kabla ya jioni utakuwa umetumiwa namba tatu. Ya kwanza ya mwalimu wa kwaya wa usharikani. Ya pili ya kijana aliyesomea muziki chuoni na anafundisha kwa nota, yaani muziki ulioandikwa kwenye mistari mitano. Ya tatu ya mpiga gitaa wa bendi, yule anayeonekana kwenye maharusi na hotelini wikiendi. Wote watatu wanajua kupiga, hapo hakuna ubishi. Kinachowatenganisha ni njia waliyopitia, maana mwalimu wa muziki hufundisha kama alivyofundishwa. Ndiyo sababu swali la "ulijifunzaje wewe mwenyewe?" hukupa habari nyingi kuliko "una cheti?"

Tutawapima kwa mambo matano: alikotoka, kipindi chake kinavyokwenda, anavyotunza mkono na mkao, uzito anaoupa sikio na usomaji, halafu ratiba na pesa. Walimu wengi wazuri ni mchanganyiko. Yupo aliyekulia kwaya, akasoma chuo, na Ijumaa usiku anapiga bendi. Haya majina matatu yanakuonyesha tu amelalia upande gani zaidi.

Walikotoka

Mwalimu wa kwaya ni zao la ukanda huu. Wamisheni wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na pamoja na nyimbo za Kilutheri vikaja vyombo vya kupuliza. Mpaka leo sharika nyingi za mlimani na mjini zina kikundi cha matarumbeta, na si ajabu kumkuta mpulizaji wa ibada ya Jumapili akiwa Jumamosi juu ya pikapu inayotangulia msafara wa bibi harusi. Mwalimu huyu alianza kwa kuimba besi au tena, akajifunza solfa (do, re, mi) ubaoni, kisha akashika kinanda kwa sababu aliyekuwa anapiga alihamishwa kikazi. Anaijua sauti nne kama kiganja chake.

Mwalimu wa nota amepita darasani. Kwa upande wetu, Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, pale Usa River, kinatoa shahada ya muziki, na wahitimu wake wengi hufundisha shuleni na majumbani. Wengine wametokea TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni ya Bagamoyo, au wamefundishwa na walimu wa shule za kimataifa za Arusha na Moshi. Huyu anasoma mistari mitano kama wewe unavyosoma gazeti.

Mpiga bendi amejifunza kwa kukaa nyuma ya mpiga gitaa mwingine. Alibeba spika, akaruhusiwa kushika rithimu wimbo mmoja, kisha mbili, mpaka siku mpiga solo hakutokea. Shule yake ni sikio na kumbukumbu. Ukimtajia wimbo wa rumba, zuku au injili ulio maarufu, anauanza papo hapo na kukuuliza uko kii gani, yaani "do" yako iko sauti gani.

Kipindi kinavyokwenda

Kwa mwalimu wa kwaya, kipindi huanza kwa kuimba. Anakuandikia *d r m f s l t*, mnaimba skeli, yaani sauti hizo zikipanda na kushuka kwa mpangilio, kisha unatafuta sauti hizo kwenye kinanda. Wiki ya tatu au ya nne unapiga wimbo wa kitabuni kwa mkono wa kulia, na wa kushoto unaweka besi. Ni njia ya haraka na inakaa akilini, kwa sababu unajua wimbo kabla vidole havijajua.

Ugumu wa njia hii umo kwenye solfa yenyewe, na wanafunzi wengi hukwamia hapo bila kujua kwa nini. Kwenye solfa, "do" inahama. Wimbo uliouandika *d r m* ni uleule ukiimbwa kii ya C au ya G. Kwenye kinanda si uleule. Kii ya C ni funguo nyeupe tupu. Kii ya G, ukifika "ti", lazima uguse ufunguo mweusi, yaani F#. Kii ya E♭ (E iliyoshushwa nusu sauti) ina nyeusi tatu. Mwalimu makini atakupitisha kii moja baada ya nyingine: C, halafu G na F, halafu D na B♭. Asiye makini atakuonyesha kitufe cha transpozi na kukuambia upige kila kitu kwa C, mashine ihamishe yenyewe. Utapiga ibada nzima hivyo na hakuna atakayegundua. Siku utakayowekwa mbele ya piano ya mbao isiyo na kitufe, au ya kukuta kitufe kimeachwa kwenye +3 na aliyekutangulia, ndipo utajua ulichonyimwa.

Kwa wapulizaji jambo hili ni kubwa zaidi. Tarumbeta la kawaida ni la B♭: ukipuliza C yake, inayosikika ni B♭. Kwaya ikiwa kii ya C, wewe unapiga D. Mwalimu asiyekueleza hilo wiki za mwanzo atakuacha ukidhani sikio lako ni bovu.

Kwa mwalimu wa nota, kipindi kina mpangilio: dakika chache za skeli, kipande cha zamani, kipande kipya, kusoma papo kwa papo (kupiga nota usizowahi kuziona), zoezi la kusikia. Miezi miwili ya mwanzo inachosha. Mtoto wa miaka saba anaweza kumaliza wiki sita akiwa na nyimbo fupi za noti (sauti) tano ambazo bibi yake hazijui, na hapo ndipo wengi huacha. Mwalimu mzuri wa nota huingiza wimbo mmoja unaojulikana nyumbani, aliouandika mwenyewe kwa noti hizo tano.

Mpiga bendi anakupa wimbo siku ya kwanza. Kodi tatu (si zile za TRA, ni noti kadhaa zinazolia pamoja), kwa mfano G, C na D, na unaondoka ukiwa na kitu cha kuwaonyesha wenzako. Mwezi wa pili anakufundisha kuhesabu moja, nne, tano, yaani nafasi za kodi hizo kwenye skeli, ili wimbo uleule uuhamishie A, D na E. Kasoro yake ni kwamba kipindi hutegemea kilichomjia kichwani. Leo sebene, wiki ijayo besi, ya tatu simu inaita kuhusu shughuli ya Jumamosi. Mwombe akuandikie kwenye daftari, mstari mmoja tu: cha kufanya mpaka tukutane tena. Akikubali, umepata mwalimu.

Mkono na mkao

Mwalimu wa nota kwa kawaida ndiye mkali kuliko wote hapa, na ukali wake una faida utakayoiona mwaka wa pili. Skeli ya C kwa mkono wa kulia inapigwa gumba, shahada, kati kwa C, D, E. Kisha gumba linapita chini ya kidole cha kati kwenda F, na vidole vinaendelea mpaka kidole kidogo kwenye C ya juu. Anayejifunza kwa kukisia hufika E na kuruka mkono mzima. Kwa mwendo wa taratibu haionekani. Kasi ikipanda, kila mruko unasikika kama kikwazo barabarani.

Walimu wa kwaya wanatofautiana sana. Wapo wanaopiga sauti nne kwa vidole sahihi, na wapo wanaotumia vidole vitatu vya mkono wa kulia miaka ishirini sasa. Mwangalie mkono, usimuulize. Jambo jingine la kukagua kwake ni staili za kinanda, zile biti za kujiendesha. Ni tamu na zinajaza ukumbi, lakini zinabeba mwendo badala ya mwanafunzi. Zima biti, mwache apige peke yake: akianza kukimbilia mwisho wa mstari, ujue hesabu yake bado iko ndani ya mashine. Metronomu (kipiga mapigo) ya bure kwenye simu, ikianzia mapigo 60 kwa dakika, inatibu hilo ndani ya wiki chache.

Kwenye gitaa mpiga bendi hana mpinzani kwa mkono wa kulia: kucharaza, kuzima nyuzi kwa kiganja, kupokezana na rithimu. Mkono wa kushoto ndio wa kuangaliwa. Kidole kikae nyuma tu ya freti (kipande cha chuma kinachokatiza shingo ya gitaa), si katikati ya nafasi wala juu ya chuma. Kikikaa mbali, uzi unakoroma na mwanafunzi anakandamiza zaidi mpaka mkono unauma. Kodi ya F ya kulaza kidole kimoja juu ya nyuzi kadhaa haipaswi kuja wiki ya pili. Ikija mapema, mwanafunzi huamini gitaa si lake, kumbe nyuzi ziko juu mno: kwa gitaa la chuma, kimo cha uzi mzito kwenye freti ya 12 kikipita milimita 3, peleka likashushwe kwanza.

Sikio na usomaji

Kwa kifupi: mwalimu wa kwaya anakupa sikio la sauti nne, wa nota anakupa macho, wa bendi anakupa sikio la kuokota wimbo unaopita. Kila mmoja ana upande dhaifu unaojulikana. Mwanafunzi wa solfa hukwama mbele ya mistari mitano. Mwanafunzi wa nota huganda karatasi ikisahaulika nyumbani. Wa bendi hupiga vizuri mpaka aulizwe noti ya tatu ya kodi anayoipiga inaitwaje.

Wanaolenga mitihani wanapaswa kujua inavyopimwa kabla ya kumlipa mtu. Bodi inayotajwa sana ni ABRSM ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1889, yenye hatua ya 1 hadi ya 8. Mtihani wake wa vitendo una alama 150: vipande vitatu vyenye alama 30 kila kimoja, skeli 21, kusoma papo kwa papo 21, na sikio 18. Kufaulu ni alama 100. 120 ni daraja linalofuata, 130 ndiyo ya juu kabisa. Tangu 2020 upo pia mtihani wa kurekodi video, wenye vipande vinne na alama za onyesho zima. Huo hauna skeli wala kusoma papo kwa papo, na humpunguzia mtu wa huku usumbufu wa kumsubiri msahihishaji. Kuanzia hatua ya 6 bodi inadai uwe umeshafaulu nadharia ya hatua ya 5 au mbadala wake unaokubalika. Mwalimu asiyejua kanuni hiyo hajawahi kumpeleka mtu mbali.

Ubaya wa mitihani upo pia, na wazazi wenye haraka ndio huusababisha. Mtoto hupewa vipande vitatu mwezi wa kwanza na kuvisaga mwaka mzima. Anafaulu hatua ya 3, halafu kwenye kipaimara cha dada yake anaombwa apige chochote, hana. Kati ya mtihani na mtihani mtoto anahitaji nyimbo nyepesi nyingi, kumi au zaidi, ambazo hakuna atakayezisahihisha.

Ratiba na pesa

Usilinganishe bei ya mwezi. Linganisha bei ya kipindi, na urefu wake. Mwaka una wiki 52. Makubaliano ya "vipindi vinne kwa mwezi" yanakupa vipindi 48, kwa hiyo uliza mapema Jumamosi ya tano inahesabiwaje. Uliza kipindi ni dakika 30, 45 au 60. Chini ya miaka minane, dakika 30 zinatosha, zinazobaki mtoto anahesabu vigae. Uliza nauli ni ya nani kama anakuja nyumbani: mwalimu anayetoka Usa River kuja Sakina anabadilisha daladala, na saa mbili zake za barabarani zitaingia kwenye bei ama utaziona kwenye uchelewaji wake. Kubalianeni taarifa ya kuahirisha itolewe saa 24 kabla, pande zote mbili.

Kila mmoja ana majira yake ya kupotea. Mwalimu wa kwaya hapatikani wiki za kuelekea Pasaka na Krismasi, wala Jumamosi mchana palipo na mazoezi au ndoa. Mpiga bendi amelala asubuhi, na Ijumaa hadi Jumapili ni ya riziki; mpe Jumanne au Jumatano jioni. Mwalimu wa nota hufuata kalenda ya shule anayofundisha, na shule za kimataifa hufunga nyakati tofauti na za serikali. Kama mwanao yuko bweni na anarudi Juni na Desemba tu, mweleze mwalimu tangu mwanzo. Wengine hukubali vipindi vitatu kwa wiki wakati wa likizo. Hiyo inasaidia ikiwa shuleni kuna kinanda anachoweza kukigusa hata dakika 15, vinginevyo kila likizo mtaanza upya.

Gharama ya chombo nayo hubadilika kulingana na mwalimu. Wa kwaya ataridhika na kinanda cha funguo 61, na vingi vya aina hiyo huingia betri, jambo la maana umeme ukikatika. Hakikisha tu kinasikia uzito wa kidole: ukigusa polepole kitoe sauti ndogo. Wa nota atakubali 61 kwa muda, kisha atadai funguo 88 zenye uzito, pamoja na pedali, na hadai kwa majivuno. Vidole vilivyozoea plastiki nyepesi hulemewa kwenye piano halisi. Wa bendi atakupeleka kwenye gitaa la nyuzi za chuma. Kama nyumbani mna la nailoni, msilifunge za chuma: seti ya chuma huvuta kwa takriban kilo 70, ya nailoni kama 40, na daraja la gitaa (kile kinachoshikilia nyuzi kwenye ubao) hung'oka na kipande cha ubao.

Na kiti. Kinanda juu ya kitanda au meza ya kahawa huharibu kifundo cha mkono haraka kuliko mwalimu mbaya. Viwiko viwe usawa wa funguo.

Kwa simu ya video

Inafaa kwa nadharia, kwa mtu mzima aliyekwisha kujua kushika chombo, na kwa anayeishi mbali, tuseme Rombo au Karatu. Kwa mtoto anayeanza haifai, kwa sababu mwalimu haoni kifundo wala kuugusa mkono, na sauti huchelewa kiasi kwamba hamwezi kupiga pamoja. Ukiitumia, simu ikae juu, ielekee mikono, si uso.

Kipindi cha majaribio

Lipia kimoja kabla ya kulipia mwezi. Ndani yake fanya haya. Mwimbie mwalimu wimbo wa kawaida, mwone kama anautafuta kwa sikio. Mpe mstari mmoja wa nota ambao hajauona, mwone anaukabili vipi; akisema wazi kwamba hasomi, hilo ni jema kuliko kuzungusha maneno. Mwombe apige wimbo mmoja kwa kii mbili bila transpozi. Kisha hesabu, kimyakimya, dakika ulizopiga wewe na alizopiga yeye. Kwenye dakika 45, zikiwa zake ni 30, umelipia tamasha. Mwishoni muulize wiki nane zijazo zitakuwaje, na usikilize kama jibu lina hatua au lina "tutaona".

Kwa mtoto, kipindi kifanyike sebuleni au mlango ukiwa wazi, mtu mzima wa nyumbani akiwa karibu. Mwalimu aliyezoea kazi hii hatakushangaa ukisema hivyo. Wengi hulianzisha wao.

Kulingana na hali yako

Unataka kusaidia ibada ndani ya miezi sita, na tayari unaimba kwaya: mwalimu wa kwaya, kwa sharti la kii tano bila transpozi na skeli kwa vidole sahihi. Unapuliza au unataka kupuliza tarumbeta: anzia kwenye kikundi cha usharika, maana chombo chenyewe mara nyingi kipo pale na hutalazimika kununua, halafu tafuta vipindi vichache kwa mtu wa nota akufafanulie kii za B♭.

Mtoto wa miaka sita hadi kumi anayeweza kuja kusomea muziki, au yuko shule yenye mitihani ya hatua: mwalimu wa nota, lakini kaa naye mkubaliane kuhusu wimbo mmoja wa nyumbani kila mwezi. Dakika 15 hadi 20 kila siku zinamfikisha mbali kuliko saa mbili za Jumamosi.

Kijana wa miaka 15 aliyeshikwa na gitaa na hasikii la mtu: mpe mpiga bendi. Kumpeleka kwenye nota sasa ni kumpokonya gitaa. Baada ya mwaka, akianza kuuliza kwa nini kodi fulani inalia vibaya juu ya nyingine, ndipo mwalimu wa nota atakuwa na kazi ya kufanya kwake.

Mtu mzima mwenye kazi, anayetaka burudani ya jioni: yeyote kati ya watatu aliye karibu na nyumba au ofisi yako. Umbali huua masomo ya watu wazima kabla ya ugumu kuyaua. Na ukiishi nyumba ya kupanga yenye ukuta mmoja na jirani, nunua visikizi vya masikioni siku ileile unayonunua kinanda.

Mwenye bajeti ndogo anaweza kugawanya: vipindi viwili kwa mwezi kwa mwalimu wa nota, kwa ajili ya mkono na usomaji, na wiki zinazobaki aende mazoezi ya kwaya au akae karibu na bendi ya mtaani, ambako hakuna ada. Mwambie kila mwalimu kuhusu mwenzake. Bila hivyo, mmoja atakurekebisha gumba Jumanne na mwingine atalirudisha lilikokuwa Alhamisi.